Uenzi Uliosajiliwa: Uhakiki wa Majina Matatu Yaliyozagaa

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza majina matatu ambayo waandishi wa habari, wafasiri na watangazaji wetu wamekuwa wakiyatumia kuitaja hali moja ya kisheria iliyoenea katika nchi za Ulaya, nayo ni hali ya watu wazima wawili wanaosajili maisha yao ya pamoja mbele ya mamlaka ya dola bila ya kufunga ndoa. Majina hayo ni "ndoa ya kiraia", "ubia wa kiraia" na "muungano wa kiraia". Nia yetu si kuitetea hali hiyo wala kuilaani. Hiyo ni kazi ya watunga sheria, ya wanazuoni wa dini na ya wananchi kwa jumla. Nia yetu ni kuuliza kama majina hayo yanamfikishia msomaji wa Kiswahili kile ambacho sheria za huko zinakisema. Jibu letu, na tuliseme mapema, ni kwamba hayamfikishii, na kwamba la kwanza kati ya hayo limekwisha kuleta madhara.

Madhara hayo mwandishi ameyaona kwa macho yake. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya kuingia katika kazi ya istilahi, alikuwa akihakiki tafsiri za hati. Dada mmoja wa Kitanzania alikuwa ameishi Ufaransa, na huko yeye na Mfaransa mmoja walisajili mkataba ule ambao Wafaransa huuita kwa herufi zake za mwanzo, PACS. Maisha yao ya pamoja yalipofikia ukomo, mkataba ulivunjwa kwa tamko la wote wawili, kama sheria ya huko inavyoruhusu, na dada akarejea nyumbani. Baadaye alipata mchumba. Walipokwenda kutoa taarifa ya kusudio la kuoana, dada alitakiwa alete tafsiri ya karatasi zake za Ufaransa. Mfasiri aliandika juu ya mojawapo: "Taarifa ya Kuvunjwa kwa Ndoa ya Kiraia kwa Tamko la Pamoja", na mwandishi wa makala haya ndiye aliyeihakiki tafsiri hiyo na kuipitisha.

Msajili alilisoma neno "ndoa", akasema kwamba ndoa haivunjwi kwa barua ya watu wawili, akadai hukumu ya mahakama. Alikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanamke mwenye ndoa kufunga ndoa nyingine, na karatasi aliyoishika mkononi ilisema kwa Kiswahili safi kwamba ndoa ilikuwapo. Hukumu haikuwapo, wala isingeweza kupatikana, kwa kuwa hakuna mahakama ya Ufaransa iwezayo kutoa talaka ya ndoa ambayo haikufungwa. Harusi iliahirishwa. Wazee wa upande wa mume wakaanza kuuliza kwa nini bibi harusi alificha kwamba aliwahi kuolewa. Tafsiri ilisahihishwa baada ya muda, lakini neno lililokwisha kuzungumzwa ukweni halifutwi kwa mhuri mpya.

Kosa hilo halikutokana na uvivu. Mfasiri alitafuta neno akakuta pengo, akaliziba kwa neno lililokuwa karibu. Yafaa basi pengo hilo tulitazame kwa utulivu.

2. Dhana yenyewe

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kuielewa dhana kabla ya kuitafutia jina. Nchi ya kwanza kuitungia sheria hali hii ni Denmark. Sheria yake ilipitishwa Juni 7, 1989, ikaanza kutumika Oktoba 1 ya mwaka huohuo. Iliwahusu watu wa jinsia moja peke yao, ambao sheria ya ndoa ya nchi hiyo ilikuwa haiwagusi, nayo iliwapa haki nyingi za wanandoa, lakini si zote. Norwei ilifuata mwaka 1993, Uswidi mwaka 1995 na Aisilandi mwaka 1996. Mwaka 2012 Denmark yenyewe iliwafungulia watu hao mlango wa ndoa, ikaacha kusajili wapya kwa njia ile ya awali. Ujerumani nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2001, ikaacha kusajili wapya mwezi wa Oktoba 1997 ukiwa umepita kwa miaka ishirini kamili, yaani Oktoba 2017.

Uholanzi ilichukua njia nyingine. Kuanzia Januari 1, 1998 iliruhusu usajili wa wawili wo wote, mwanamume na mwanamke au watu wa jinsia moja, kwa kuwa miongoni mwa wananchi wake walikuwapo wengi ambao wangeweza kuoana lakini hawakutaka. Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 15, 1999, ilikwenda mbali zaidi na ndoa: ilichofanya ni kuweka mkataba baina ya watu wazima wawili kwa ajili ya kupanga maisha yao ya pamoja. Mkataba huo huandikishwa, na tangu Novemba 2017 huandikishwa kwenye ofisi ya meya au kwa mthibitishaji wa mikataba. Huvunjika kwa kifo, kwa wahusika kufunga ndoa, kwa tamko la wote wawili, au hata kwa tamko la mmoja wao akimpelekea mwenzake taarifa rasmi. Hakimu hahitajiki. Mmoja akifa bila ya wasia, aliyebaki harithi, na pensheni ya mwenzi aliyefariki wanaipata waliofunga ndoa tu. Juu ya hayo yote Wafaransa wameupenda: mwaka 2022 mikataba zaidi ya 200,000 ilisajiliwa, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa kati ya mwanamume na mwanamke.

Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2004, ikaanza kutumika Desemba 2005. Hapo kwanza iliwahusu watu wa jinsia moja tu. Mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, Rebecca Steinfeld na Charles Keidan, waliikataa ndoa kwa sababu za itikadi yao wakadai nao wasajiliwe. Juni 27, 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kuwazuia ni ubaguzi usioafikiana na haki za binadamu, na tangu Desemba 31, 2019 watu kama wao wameweza kusajiliwa katika Uingereza na Wales.

Kutokana na maelezo hayo tunaweza kuzitaja sifa tatu za dhana hii:

(a) ni ya watu wawili wazima waliokubaliana kuishi kama wenzi;

(b) dola imeandika makubaliano yao katika daftari lake, kwa hiyo haifanani na kuishi pamoja kimya kimya;

(c) sheria yenyewe iliyoiunda imesema kwamba si ndoa.

Sifa ya tatu ndiyo roho ya dhana. Nchi nyingine zimeiweka karibu sana na ndoa, nyingine zimeiweka mbali, lakini hakuna hata moja iliyoiita ndoa. Ingekuwa ndoa, sheria mpya isingehitajika.

3. Majina yaliyozagaa

(a) "Ndoa ya kiraia"

Hili ndilo lililoenea kuliko mengine na ndilo lenye makosa zaidi. Kwanza, jina hili lina mwenyewe. Sheria yetu ya 1971 inazitambua ndoa za kidini, za kimila na zile zinazofungwa mbele ya msajili wa serikali. Hizo za mwisho wananchi wanaziita "ndoa ya serikali" au "ndoa ya bomani". Msomaji anayekutana na "ndoa ya kiraia" hana budi kufikiri kwamba ndiyo hiyo hiyo ya bomani iliyovaa nguo mpya, wala hatakuwa na kosa.

Pili, jina hili linaivunja sifa ya (c) waziwazi. Njia rahisi ya kulipima ni kuliweka ndani ya habari ya kweli na kuona kama habari bado inasomeka. Kati ya mwaka 2001 na mwaka 2009 Waholanzi waliruhusiwa kubadilisha ndoa yao iwe uhusiano uliosajiliwa, na kwa kuwa uhusiano huo uliweza kuvunjwa bila ya kwenda mahakamani, baadhi yao waliitumia njia hiyo kuachana upesi. Mlango huo ulifungwa Machi 2009. Mfasiri anayetumia jina letu la kwanza atalazimika kuandika: "Waligeuza ndoa yao kuwa ndoa ya kiraia ili waweze kuivunja ndoa." Na habari ya wale Waingereza wawili itakuwa: "Walikataa ndoa, wakaenda mahakamani kudai ndoa." Istilahi inayomfanya mtu mwenye akili timamu aonekane mwehu haifai.

Tatu, jina hili huahidi kisichokuwapo. Neno "ndoa" katika Kiswahili huja na jamaa zake: mume, mke, talaka, mjane, mirathi. Ukimwambia mtu kwamba binti yake ana ndoa, umemwambia pia kwamba mume akifa binti ana fungu lake. Katika mkataba wa Kifaransa fungu hilo halipo mpaka wasia uandikwe.

(b) "Ubia wa kiraia"

Jina hili ni afadhali kwa kuwa halikutaja ndoa. Lakini mbia ni nani? Ni mtu mliyechanga naye mtaji. Watu hufanya ubia wa duka, wa shamba, wa jahazi. Hugawana faida na hasara, na wanaweza kuwa wawili au kumi. Tena katika lugha ya serikali ya miaka hii neno hili limechukuliwa kabisa na ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi, hata likitajwa redioni msikilizaji anangoja kusikia habari za bandari au barabara. Ni kweli kwamba sheria hizi za Ulaya zina upande wa mali. Hata hivyo mali ni sehemu tu. Mtu hasajili maisha yake na mwingine ili apate gawio mwisho wa mwaka. Aidha, ikiwa wahusika wataitwa "wabia", mfasiri wa mahakama atashindwa kuwatenga na wabia wa kampuni katika shauri lile lile, na mashauri ya namna hiyo huwa hayakosi nyumba, gari na hata biashara.

(c) "Muungano wa kiraia"

Kwa Mtanzania neno "Muungano" lina tarehe yake, Aprili 26, 1964, na herufi yake kubwa. Hilo peke yake lisingetosha kulikataa, maana mito nayo huungana na hakuna anayelalamika. Kasoro kubwa iko Afrika Kusini. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2006 iliweka jina moja la jumla, ambalo kwa kawaida ndilo linalofasiriwa "muungano wa kiraia", na chini ya jina hilo wawili huchagua wenyewe kama hali yao iitwe ndoa au iitwe uhusiano wa kiraia usio ndoa. Kwa hiyo huko jina hili ni la mama mwenye watoto wawili, na ndoa ni mtoto mmojawapo. Tukilitumia kwa Uholanzi, tumemwita mtoto kwa jina la mama yake. Tukilitumia kwa zote mbili, msomaji hatajua tunamtaja nani.

(d) Kivumishi "kiraia"

Majina yote matatu yameshirikiana kivumishi kimoja, nacho chahitaji neno lake. "Raia" limetoka katika Kiarabu, ambako hapo zamani lilimaanisha watu walio chini ya mtawala. Kwetu limepata maana mbili. Ya kwanza ni mwananchi wa nchi fulani, ndiyo tukapata "uraia" na "haki za kiraia". Ya pili ni mtu asiye askari, ndiyo tunasema polisi fulani "alivaa kiraia". Katika majina ya Ulaya neno linalofasiriwa hivyo halina maana hata moja ya hizo. Linasema tu kwamba jambo ni la dola, si la kanisa. Neno lilo hilo likiwa mahakamani sisi hatulifasiri "kiraia" bali "madai", kama katika "kesi ya madai". Na likiwa kwenye ndoa wananchi wamelifasiri "serikali". Wananchi walitazama maana, nasi wataalamu tukatazama sura ya neno.

Matokeo yake yanaonekana. Msikilizaji wa "ubia wa kiraia" anaweza kudhani kwamba kwa kuingia humo mtu anapewa uraia wa nchi ile. Vijana wetu wanaoishi ughaibuni ambao wamewahi kuulizwa na jamaa zao, "Umekwisha kusajiliwa, mbona pasipoti hujapewa?" wanajua kwamba hili si jambo la kubuni.

4. Mpaka na sheria yetu

Wapo watakaosema kwamba hali hii si ngeni, kwa kuwa huku kwetu kuna watu wanaoishi kinyumba bila ya cheti, na sheria inawatambua. Hoja hii inatakiwa ijibiwe kwa makini, kwa sababu kuchanganya huku kunaweza kuwaumiza watu wetu wenyewe.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watu wawaone kuwa ni mume na mke, basi itadhaniwa kwamba walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo ikishindwa, mahakama bado inaweza kuamuru mwanamke na watoto wapewe matunzo.

Tazama jinsi hali mbili hizi zinavyotofautiana. Uenzi wa Ulaya huanza siku ya kutia sahihi. Dhana ya kifungu cha 160 haina siku ya kuanza inayojulikana, bali hutazamwa kwa kurudi nyuma, mara nyingi baada ya ugomvi au kifo. Uenzi unathibitishwa na daftari; dhana inathibitishwa na majirani. Na lililo kubwa zaidi: mwisho wa uenzi ni kwamba si ndoa, ilhali mwisho wa dhana ya kifungu cha 160 ni kwamba ndoa ilikuwapo. Mwanamke anayefaulu kwa kifungu hicho amepata jina la mke, na pamoja na jina hilo njia ya kudai sehemu ya mali ya ndoa. Njia hiyo Mahakama ya Rufani iliipanua mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipokubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mwanamke wa namna hiyo tukimwita kwa jina lililokusudiwa kwa watu wasio na ndoa, tumemtoa mlangoni kabla hajaingia.

Hapa tuongeze jambo dogo linalotuhusu sisi wa istilahi. Maneno "dhana ya ndoa" ambayo wanasheria wanayatumia kwa kifungu hiki yana utata, maana "dhana" ni fikira juu ya kitu na pia ni kudhania. Kitabu chenye mada "Dhana ya Ndoa katika Jamii za Pwani" kitakuwa kinahusu nini? Tunapendekeza "ndoa ya kudhaniwa".

Kuhusu maneno ya mitaani, "sogea tukae" na mengineyo, yanaeleza vizuri watu kukaa pamoja bila ya kusajili lo lote, kwa hiyo yako kinyume cha sifa ya (b). "Kimada" na "hawara" yana dharau ndani yake, na sheria haimtaji mtu kwa tusi.

5. Pendekezo

Jina tunalolitafuta lisiwe na neno "ndoa", lisiwe la biashara, lionyeshe usajili, na liweze kuzaa majina ya wahusika na ya vitendo. Tunapendekeza *uenzi uliosajiliwa*.

Mwenzi ni mtu aliye pamoja nawe katika jambo: safarini, kazini, nyumbani. Watu wengi wa pwani humtaja mke au mume mbele ya wageni kwa heshima, "mwenzangu", na kampeni za afya zimelizoeza neno "mwenzi" kwa maana ya mtu anayeishi na mwingine, awe ameoana naye au hajaoana. Kutoka "mwenyekiti" tuna "uenyekiti", kutoka "mwenyeji" tuna "uenyeji". Kwa kanuni hiyo hiyo kutoka "mwenzi" tunapata "uenzi". Tunaliepuka umbo "mwenza", ingawa linapendwa, kwa sababu ya "mke mwenza": msomaji asije akadhani kwamba tunazungumzia uke wenza.

Istilahi zinazofuatana na hiyo ni hizi:

uenzi uliosajiliwa: jina la jumla la hali tuliyoieleza;

mwenzi aliyesajiliwa: kila mmoja wa wahusika;

kusajili uenzi; cheti cha uenzi;

kuvunja uenzi: wala si "talaka", ambayo ibaki kwa ndoa;

mwenzi aliyefiwa: wala si "mjane";

mkataba wa uenzi: kwa hali ya Ufaransa, ambako msingi ni mkataba;

ukaaji pamoja wa kisheria: kwa hali ya Ubelgiji;

fungamano la kisheria: kwa lile jina la jumla la Afrika Kusini;

ndoa ya serikali: kwa ndoa inayofungwa mbele ya msajili wa dola.

Istilahi ya Ubelgiji inahitaji maelezo. Sheria ya huko, iliyoanza kutumika Januari 2000, inawaruhusu kusajiliwa hata ndugu wa tumbo moja wanaoishi pamoja. Kuwaita hao "wenzi" kwa maana yetu itakuwa aibu na uwongo. Kinyume chake ni Uingereza. Dada wawili wazee walioishi pamoja maisha yao yote walilalamika kwamba mmoja wao akifa aliyebaki atatozwa kodi ya mirathi juu ya nyumba yao, ilhali wenzi waliosajiliwa wamesamehewa. Aprili 29, 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa dai lao, ikisema kwamba uhusiano wa ndugu ni wa namna nyingine kabisa na ule wa wanandoa na wenzi. Basi kama mahakama imeutenga undugu na uenzi, nasi hatuna budi kuutenga.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba sheria zetu hazina kitu hiki, na kwamba kukipa jina ni kukikaribisha. Sheria ya Ndoa inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na makala haya hayaligusi jambo hilo. Lakini kutaja si kukubali. "Ubepari", "ukabaila" na "ubeberu" ni istilahi zilizositawishwa na watu ambao hawakuvitaka vitu hivyo hata kidogo. Walivipa majina ili waweze kuvijadili. Anayetaka kuipinga sheria ya Ufaransa na anayetaka kuisifu wote wawili wanahitaji kwanza neno lisilowadanganya.

Pingamizi la pili ni kwamba "uenzi" litachanganywa na "enzi" na "kuenzi". Hatari hiyo ipo, lakini ni ndogo. "Enzi" huchukua upatanisho wa i- na zi-, "uenzi" huchukua wa u-, na sifa "uliosajiliwa" huondoa shaka iliyobaki. Lugha inayoishi na "paa" la nyumba na "paa" wa porini itaweza kuishi na hili.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Baadhi ya watu husema kwamba katika nchi kama Uingereza haki za wenzi waliosajiliwa zinakaribia kulingana na za wanandoa, kwa hiyo tofauti ni ya jina tu, na jina si kitu. Wapinzani wa hali hii huiita ndoa ili waishutumu. Baadhi ya watetezi wake huiita ndoa ili waitukuze. Jibu letu ni kwamba kama jina si kitu, Bunge la Uingereza lisingetafuta jina jingine mwaka 2004, na wale wawili wasingekwenda hadi Mahakama ya Juu kwa ajili yake. Watu wamelipigania jina hilo kwa miaka. Mfasiri hana mamlaka ya kulifuta kwa kalamu yake.

7. Tamati

Jambo hili lisingekuwa na haraka kama tafsiri zetu zingekuwa za magazeti tu. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na mahakama zetu zinazidi kusoma kwa Kiswahili hati zinazotoka nje. Nchini Kenya, katika uamuzi wa Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kudhania ndoa kunapaswa kuwa jambo la nadra, ikapendekeza ifikiriwe sheria ya kuwahusu watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu bila ya ndoa. Siku sheria ya namna hiyo itakapoandikwa katika nchi yo yote inayotumia Kiswahili, waandishi wake watatuuliza neno, na haitafaa tuwape moja lililokwisha kuharibika.

Mwandishi amekuwa akiirudia akilini karatasi ile ya dada yetu. Laiti ingeandikwa "Taarifa ya Kuvunjwa kwa Mkataba wa Uenzi", msajili asingeielewa mara moja. Angeuliza, "Uenzi ndio nini?" na swali hilo lingejibiwa pale pale mezani. Neno alilopewa hakuliuliza, kwa sababu alilijua. Katika istilahi, neno geni linalomfanya mtu aulize lina faida kuliko neno zoefu linalomjibu uwongo.

Mapendekezo haya si hukumu ya mwisho. Wanasheria, wafasiri, wasajili wa ndoa na wasomaji wote wanaombwa wayapime katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa wale wenye jina bora kuliko "uenzi". Yatakayopatikana yatachapishwa katika toleo lijalo kabla ya orodha kupelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.